Fizikia D, baba anataka daktari: nibadili kombi kimyakimya?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 18, naishi na wazazi wangu nje kidogo ya Makambako, mkoani Njombe. Nimemaliza kidato cha nne katika shule ya kata na matokeo yametoka. Nimepata Daraja la Pili, pointi 19. Shuleni kwetu tuliopata daraja hilo ni wachache, wasichana tuko watatu tu, kwa hiyo nyumbani kulichinjwa kuku na majirani wakaja.

Alama zangu ni hizi: Kiswahili B, jiografia B, baiolojia C, kemia C, Kiingereza C, historia C, uraia C, fizikia D, hisabati D.

Shida yangu ni kombi, yale masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita. Wakati wa kujaza fomu za Selform, zile za kuchagua kombi, kabla ya mtihani, baba alikuja shuleni akakaa na mwalimu wa taaluma. Chaguo la kwanza likaandikwa PCB (fizikia, kemia, baiolojia). CBG (kemia, baiolojia, jiografia) niliyoitaka mimi ikawekwa ya tatu. Sikusema kitu. Baba alipokuwa kijana alichaguliwa kwenda kusomea uganga wa hospitali, babu akamwambia hakuna nauli wala hela ya sare, akabaki kulima viazi hadi leo. Tangu niko darasa la tano ananiita "dokta". Siku matokeo yalipotoka aliomba kusema kanisani, akasimama mbele za watu wote akamshukuru Mungu kwa kuwa binti yake anakwenda kuwa daktari. Mwalimu, siku ile nililia, watu wakadhani ni furaha.

Fizikia nimeihangaikia. Kuanzia katikati ya kidato cha pili hatukuwa na mwalimu wa fizikia. Kidato cha nne alikuja kaka mmoja wa kujitolea, akatufundisha miezi mitano, akapata ajira akaondoka. Mengi nilikariri tu. Hisabati mwalimu alikuwepo, lakini mimi mwenyewe ni mzito.

Ninachokipenda ni jiografia. Shuleni tuna kituo kidogo cha hali ya hewa, na tangu kidato cha tatu mimi ndiye niliyekuwa nasoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Mwalimu aliniambia niandike kwenye daftari la shule, nikawa nanakili na kwenye daftari langu. Ninayo mvua ya misimu miwili, siku kwa siku. Hata baba huniuliza, "Hivi mwaka juzi zilianza lini?" nami huenda kutazama. Baiolojia ya mimea na udongo pia naipenda. Hospitali siichukii, ila sijawahi kujiona humo.

Mjomba wangu aliye Dar naye kapiga simu anasema kombi za zamani zimepitwa, nitafute hizi mpya.

Sasa dirisha la kubadili limefunguliwa na zimebaki wiki mbili lifungwe. Namba ya siri ya kuingilia ninayo mimi, baba hajui kutumia mtandao. Rafiki yangu ananiambia niingie nibadili niweke CBG, halafu majina yakitoka niseme Serikali ndiyo imenipangia. Mama anasema nimtii baba, lakini juzi usiku tukiwa jikoni aliniuliza, "Wewe mwenyewe hiyo PCB unaiweza?" Nikashindwa kumjibu.

Nifanye nini?

Binti wa Makambako

*

Marahaba, mwanangu, na kamwene kwa wote hapo nyumbani. Hongera sana. Pointi 19 kwa shule isiyo na mwalimu wa fizikia miaka miwili ni kazi kubwa, na hao kuku wamechinjwa kwa haki.

Nianze na la rafiki yako, maana ndilo lenye haraka. Usibadili kimyakimya. Siku majina yatakapotoka, mbele ya jina lako kutakuwa na shule na kombi, na mtu wa kwanza kumwonyesha baba kwenye simu hatakuwa wewe. Atakuwa jirani, au mtoto wa mzee wa kanisa. Kisha zitakuja fomu za kujiunga zinazotaka saini ya mzazi, godoro, ndoo, nauli na michango ya shule. Ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, lakini hayo mengine yote bado yanatoka mfukoni mwa baba, kwenye magunia ya viazi. Utamhitaji kila likizo, kila utakapougua, kila utakapoishiwa. Ukiianza safari hiyo kwa uongo, kila akikupigia simu utakuwa unaogopa. Na uongo wenyewe unaitwika Serikali lawama ya jambo ulilolifanya wewe kwa mkono wako. Hapana.

Ila nimeona jambo lingine katika barua yako, na naliona kubwa kuliko hilo la namba ya siri. Mama alikuuliza kama unaiweza PCB, ukashindwa kumjibu. Unaijua sababu? Ni kwamba hujui kama unaiweza. Na huwezi kujua, kwa kuwa fizikia hujafundishwa. Tuanzie hapo.

Nimefundisha kidato cha tano na sita miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu wa taaluma, yule anayekaa na kalamu nyekundu na orodha ya wageni wa kidato cha tano kila Julai. Orodha ile ina alama tu. D ya mtoto aliyekuwa na mwalimu hodari, maabara na tuisheni ya jioni inaandikwa sawasawa na D ya mtoto aliyejisomea kwa kibatari. Lakini si kitu kimoja. D inaanzia alama 30 hadi 44. Aliyepata 44 bila mwalimu amebakiza alama moja tu aipate C, na ukimpa mwalimu mzuri anaweza kukushangaza. Aliyepata 31 kwa kukariri ana shimo la kufukia kwanza. Hata C zako za kemia na baiolojia zina siri hiyohiyo, kwa sababu C inaanzia 45 na kuishia 64. Kati ya hizo mbili pana safari ndefu.

Cheti hakitakuonyesha hizo alama, ila mwalimu wako wa taaluma anayo matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule mnaouita moko, na ya mihula yote. Nenda shuleni wiki hii ukaombe akufungulie. Tazama fizikia, kemia, baiolojia na hisabati tangu kidato cha tatu. Zinapanda au zinashuka? Kemia itazame kwa makini zaidi, maana kemia imo kwenye PCB na imo kwenye CBG. Watu wote hapo kwenu wanabishana juu ya fizikia, wakati kemia ndiyo utakayoamka nayo upande wowote utakaokwenda.

Sasa hesabu, ili ukikaa na baba uongee kwa namba. Kwa kombi, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Anayechaguliwa kwenda kidato cha tano shule za Serikali anatakiwa awe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, mbali na ya dini, na masomo ya kombi yake yasizidi pointi 10, pasiwe na F. Kwako PCB ni fizikia 4, kemia 3, baiolojia 3. Jumla 10. Umefika kwenye kikomo chenyewe. Baba hajakosea kusema sifa unazo, tena mwambie hivyo, ana haki ya kulisikia. CBG ni kemia 3, baiolojia 3, jiografia 2. Jumla 8. Pia una HGL (historia, jiografia, Kiingereza) kwa pointi 8 na HGK (historia, jiografia, Kiswahili) kwa pointi 7, ambazo naona hakuna aliyezitaja hapo nyumbani. Sikushauri uende huko, moyo wako umeshasema uliko, lakini ni vizuri ujue kwamba kwa alama hizi wewe si mtu wa kuomba huruma.

Kuwa na sifa ya kuingia ni jambo moja, kukaa humo ni jingine. Watu husema kidato cha tano na sita ni miaka miwili. Hesabu vizuri: unaripoti Julai, unafanya mtihani wa taifa Mei ya mwaka wa pili wake. Ni miezi 22, nayo ina likizo ndani yake. Kwa PCB utakuwa na karatasi tatu za fizikia, tatu za kemia, tatu za baiolojia, kila somo ikiwemo ya maabara. Juu yake kuna BAM (Basic Applied Mathematics), hisabati ya msingi, kwa kuwa hutasoma hisabati kamili, na BAM si mzaha kwa mwenye D ya hisabati. Fizikia yenyewe kule haianzi pale ulipoishia. Mwalimu anaingia siku ya kwanza na mekanika, anatumia kalkulasi ambayo BAM itakufundisha wiki kadhaa baadaye, na hana muda wa kurudi kidato cha pili kukuonyesha kwa nini kasi si sawa na mchapuko.

Niliwahi kumpokea binti mmoja aliyetoka shule ya kata kama yako, PCB kwa pointi 10 kamili. Alikuwa mtiifu, mwenye bidii, wa kwanza kuamka na wa mwisho kuzima taa. Muhula wa kwanza alipata F ya fizikia. Alichofanya ni kuchukua saa za baiolojia na kemia akazipeleka fizikia. Mwaka uliofuata fizikia ilikuwa E, na baiolojia aliyokuja nayo akiipenda ikawa imeshuka hadi S, alama iliyo chini ya E. Alimaliza na daraja ambalo halikumfikisha alikotaka. Huyo binti simsahau, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na ile orodha mwezi wa Julai, niliiona D yake, na sikumwita kumuuliza ilitoka wapi. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Lakini nimeona na kinyume chake. Kijana mwingine alikuja na D kama hiyo, akamkuta mwalimu aliyemfungulia somo, na alimaliza na C ya fizikia. Tofauti yao haikuwa bidii. Yule kijana alipofundishwa alielewa, na alipoelewa alifurahi. Hakuwa amewahi kufundishwa tu.

Kwa hiyo jipime kabla hujaamua. Azima kitabu cha fizikia cha kidato cha pili, fungua sura ya mwendo katika mstari mnyoofu, ile yenye milinganyo mitatu ya mwendo. Isome taratibu kwa siku tatu, bila kukariri. Ukikwama mtafute mtu mmoja aliyefaulu akueleze. Kisha fanya maswali kumi peke yako. Sikupimi kwa idadi utakayopata. Nataka ujitazame ukiwa umekosa swali la sita: unarudi kulitafuta kosa kwa hamu, au unafunga kitabu huku tumbo linakuuma? Jibu la lile swali la mama jikoni litapatikana hapo.

Nami, nikiyatazama matokeo yako na barua yako nikiwa mbali hivi, ningeweka CBG chaguo la kwanza. Ukifanya lile jaribio ukaona fizikia inafunguka, nitafurahi kuwa nimekosea, ibaki PCB na uende kwa miguu yako mwenyewe. Lakini D mbili za fizikia na hisabati zikishikana mikono ndani ya PCB ni mzigo ambao nimeuona ukivunja watoto wenye nguvu.

Nisije nikakuuzia CBG kama asali tupu. Ina milango inayoifunga, na lazima uione kabla ya kubonyeza. Udaktari wa chuo kikuu, ule wa Muhimbili na kwingineko, unataka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu za kidato cha sita. Ukichagua CBG, njia hiyo ya moja kwa moja umeiacha, na baba ajue hivyo kwa kinywa chako, asije kuambiwa na mtu baadaye. Kuna na hili litakalokuuma wewe: kazi ya hali ya hewa, ile ya utabiri inayoonekana ndiyo iliyofichwa ndani ya kipima mvua chako, imejengwa juu ya fizikia na hisabati. Ukisikia Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa cha Kigoma moyo ukadunda, kumbuka hilo. Kupenda mvua hakutoshi kukupeleka huko kwa CBG.

CBG inakupeleka kwenye udongo na mimea yenyewe. Kilimo, sayansi ya udongo, misitu, wanyamapori, mazingira, lishe. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina kozi nyingi zinazowapokea watu wa kemia na baiolojia. Na wewe unaishi Njombe, mwanangu! Viazi vya baba vinapigwa na bakajani chelewa na mnyauko bakteria, na wanaohangaika na mbegu bora za viazi mviringo ni watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, Mbeya, safari ya basi ya saa chache tu kutoka hapo kwenu. Mkoa mzima sasa unapanda maparachichi, na wakulima wanauliziana udongo gani unafaa na mvua zitafika lini. Wewe una daftari lenye majibu ya nusu ya swali hilo.

Nimefika kwa baba sasa, na naomba unisome polepole hapa.

Baba yako anataka daktari, na nyuma ya neno hilo kuna kijana aliyenyimwa nauli. Usimjibu yule mkulima wa leo ukamsahau yule kijana. Na kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyemwambia: kama shida ni kuwa mtu wa kutibu watu, PCB si mlango pekee. Stashahada ya utabibu ya miaka mitatu inataka ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, kemia, baiolojia na fizikia zikiwemo, na D ni ufaulu. Cheti ulichonacho sasa hivi, na hiyo D yako ya fizikia, kinakuruhusu kuomba. Anayehitimu ni tabibu, yule ambaye baba akienda zahanati au kituo cha afya ndiye anayemkuta na kumwita daktari. Akifaulu vizuri, kwa wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0, anaweza kuomba udaktari wa chuo kikuu, mradi kidato cha nne alifaulu pia hisabati na Kiingereza. Hizo zote unazo. Maombi ya vyuo vya afya yanapitia NACTVET, baraza la Serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na yana ratiba yake, usiyachanganye na dirisha la Selform. Vyuo binafsi ada zake ni kubwa, na hata vya Serikali si bure, ila tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha na wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo.

Sikuandikii hayo ili uende huko. Umesema hujawahi kujiona hospitalini, na mgonjwa anastahili mtu anayetaka kuwepo. Nakuandikia ili baba aone kwamba CBG haifuti kila kitu. Hicho cheti cha kidato cha nne hakiozi. Hata ukimaliza kidato cha sita ukaona moyo umegeuka, utabibu bado utakuwepo. Mzazi anayedhani mlango mmoja ukifungwa nyumba nzima imefungwa, hawezi kukusikiliza. Mwonyeshe dirisha kwanza.

Namna ya kuongea naye: usiende peke yako na usiende usiku akiwa amechoka na shamba. Mwombe mama awepo, maana yeye tayari ameona. Kama kuna mtu baba anamheshimu, mchungaji au baba mkubwa, au yule mwalimu wa taaluma aliyejaza naye fomu, mwombe akusindikize. Mwalimu ndiye bora, kwa sababu baba alimwamini yeye kwanza, na akimsikia anasoma alama zako za moko kwa sauti ataelewa bila wewe kuonekana unabishana. Anza kwa kumshukuru. Mweleze ile habari ya kanisani, kwamba ulilia, na kwa nini. Hilo litakuwa gumu kulisema, na ndilo litakalomgusa. Halafu weka mezani karatasi ya hesabu: PCB 10, CBG 8, na lile jaribio lako la maswali kumi, hata kama umepata mawili. Usiseme "sitaki PCB." Mwambie ulichojaribu, ulichokiona, na unachoomba. Kisha nyamaza umpe nafasi. Anaweza kukasirika, anaweza kutoka nje. Mpe siku mbili. Wiki mbili zinatosha kwa hayo yote ukianza kesho.

Akikataa kabisa? Basi jaribu kumwomba hili moja: CBG iwe ya kwanza na PCB ya pili, naye aelewe kwamba kupangiwa kunategemea ufaulu, ushindani na nafasi zilizopo, kwa hiyo PCB haijafutwa. Wapo wazazi wanaolikubali hilo kwa sababu halimvunjii mtu heshima. Na kama bado hataki, ukapangiwa PCB, huo si mwisho wa dunia. Mara nyingi shule huruhusu mwanafunzi kubadili kombi wiki za mwanzo, ikiwa ana sifa, kombi hiyo ipo shuleni pale na nafasi ipo. Usilitegemee sana, kwa maana kuna shule zenye PCB zisizo na CBG, na uhamisho ni kazi. Kwa hiyo ukiwa mnajaza, hakikisheni shule mnazoziweka zina kombi zote mbili. Hili dogo limewaokoa wengi niliowapokea.

Mjomba wa Dar mwambie asante. Ni kweli mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi, yaani kombi, 65, na 49 kati yake ni mpya, zimo hadi za michezo na sanaa. Kwako wewe hazina haja. Kombi inachaguliwa kwa masomo unayoyaweza na kozi itakayokupokea mbele, upya wake si sababu.

Kabla ya Julai, kama utakwenda CBG, rudia kemia ya kidato cha tatu na cha nne, hasa hesabu za moli, maana wengi huachwa hapo wiki ya kwanza. BAM itakufuata na CBG pia, kwa hiyo hiyo hisabati anza kuipalilia sasa. Tafuta mtu wa kukufundisha mara mbili kwa wiki, hata kama ni mwanafunzi wa kidato cha sita aliye likizo.

Na siku ya kuongea na baba, chukua lile daftari la mvua. Usiliweke mbele kama ushahidi, liwe tu pembeni yako. Atauliza mwenyewe, kama alivyozoea kuuliza, mwaka juzi zilianza lini. Mfungulie ukurasa, msomee tarehe na milimita, mwambie na mwaka uliofuata zilichelewa siku ngapi, kisha umuulize yeye alipanda lini na alivuna magunia mangapi. Andika majibu yake pembeni ya namba zako.

Niandikie ukishamaliza kuongea naye, hata kama ni mistari miwili.

Mwalimu wako